Thamani ya Mti Uliosimama: Safari ya MKUHUMI kutoka Montreal hadi Kilosa

Mti unapokua huvuta hewa ukaa kutoka angani na kuihifadhi kaboni yake katika shina, matawi na mizizi. Unapokatwa na kuchomwa, au kuachwa uoze, kaboni hiyo hurejea angani na kuzidisha gesijoto, yaani zile gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu walikadiria kwamba uharibifu wa misitu, hasa ya ukanda wa tropiki, ulichangia karibu moja ya tano ya gesijoto zilizotokana na shughuli za binadamu. Hata hivyo, ilipita miaka 15 tangu mataifa yatie saini mkataba wa tabianchi hadi yalipokubali kwamba nchi inayopunguza ukataji wa misitu yake inastahili kulipwa. Mpango uliozaliwa na makubaliano hayo, ambao nchini Tanzania ulipewa jina la MKUHUMI kwa kuwa unahusu kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji miti na uharibifu wa misitu, umeandamwa tangu mwanzo na swali moja ambalo mikutano mikubwa ilichelewa kuliuliza: msitu huo ni wa nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, uliopitishwa mwaka 1992, uliitambua misitu kuwa ghala la kaboni linalopaswa kutunzwa. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilikwenda hatua zaidi, kwa kuzitaka nchi tajiri zipunguze gesijoto na kuziruhusu kutimiza sehemu ya wajibu huo kwa kugharimia miradi katika nchi zinazoendelea. Lakini kanuni zilipokamilishwa mjini Marrakech mwaka 2001, upande wa misitu ulibakiziwa upandaji wa miti peke yake. Hivyo, aliyepanda miti kwenye ardhi iliyokwisha kupoteza msitu wake aliweza kuuza kaboni, ilhali jamii iliyoulinda msitu wa asili kwa vizazi na vizazi haikuwa na cha kuuza.

Uamuzi huo haukutokana na dharau tu, kwani wapinzani walikuwa na hoja nzito. Ya kwanza ni kuhama kwa uharibifu: msitu mmoja ukifungwa, wachoma mkaa na wafyekaji wa mashamba huweza kuhamia msitu wa jirani, na anga isipate nafuu yoyote. Ya pili ni udumu, kwa sababu kaboni iliyolipiwa leo inaweza kuteketea kwa moto wa msimu mmoja wa kiangazi. Ya tatu, na ngumu kuliko zote, ni kiwango rejea, yaani makadirio ya kiasi cha msitu ambacho kingepotea kama mradi usingekuwepo. Anayeyapandisha makadirio hayo hujipatia malipo kwa kuokoa miti ambayo haikuwa hatarini. Wengine walihofu kwamba kaboni ya misitu, kwa kuwa rahisi kupatikana, ingezipa nchi tajiri kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa ya mawe na mafuta.

Njia ya kutokea ilianza kuonekana mwaka 2003, wakati watafiti wa Brazil walipopendekeza katika mkutano wa tabianchi wa Milan kwamba kipimo kisiwe mradi mmoja mmoja, bali ukataji wa misitu katika nchi nzima, ili uharibifu unaohama ndani ya mipaka ya nchi uonekane katika hesabu ileile. Miaka miwili baadaye, huko Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica ziliwasilisha ombi rasmi la kutaka suala hilo lirejeshwe mezani. Costa Rica ilizungumza kwa uzoefu wake yenyewe, kwa kuwa sheria yake ya misitu ya mwaka 1996 iliweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi wanaohifadhi misitu, huku sehemu ya fedha ikitokana na kodi ya mafuta.

Mkutano wa Bali wa Desemba 2007 uliliingiza suala hilo katika majadiliano rasmi, na hapohapo Norwe ikaahidi hadi krone bilioni 3 kila mwaka kwa ajili ya misitu ya tropiki. Benki ya Dunia ilizindua mfuko wa kuziandaa nchi, na mwaka 2008 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa yakaanzisha programu ya pamoja katika nchi tisa za majaribio, zikiwamo Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka huohuo Brazil iliunda Mfuko wa Amazon, ambao Norwe iliahidi kuuchangia hadi dola bilioni 1 kadiri ukataji utakavyopungua.

Mfano wa Brazil unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2004 eneo la Amazon lililo ndani ya nchi hiyo lilipoteza kilomita za mraba zipatazo 27,700 za msitu. Kufikia mwaka 2012 hasara hiyo ilikuwa imeshuka hadi takribani 4,500. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilipatikana kabla fedha za nje hazijaanza kutiririka, kwa kutumia picha za setilaiti zilizowafikia askari wa mazingira mapema, kutenga hifadhi mpya, kutambua ardhi za wenyeji wa asili, na kuwanyima mikopo wakulima waliovunja sheria. Fedha za kimataifa zilikuja kuunga mkono utashi uliokuwapo tayari. Utashi huo ulipolegea, ukataji ulipanda tena, na mwaka 2019 mfuko wenyewe ukasimamishwa hadi ulipofufuliwa Januari 2023.

Kwa Tanzania, mlango ulifunguliwa Aprili 2008, pale serikali yake na ile ya Norwe zilipokubaliana kuhusu msaada wa krone milioni 500 kwa miaka mitano. Asasi za kiraia zilikabidhiwa miradi ya majaribio katika mazingira yanayotofautiana sana: misitu ya milimani wilayani Kilosa, misitu ya pwani mkoani Lindi, ngitili (malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa) za Shinyanga, na misitu ya jamii ya Zanzibar. Kilichoipa Tanzania nafasi ya pekee ni sheria zake zenyewe, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Tathmini ya kitaifa iliyokamilika miaka michache baadaye ilionyesha kwamba kati ya hekta milioni 48.1 za misitu nchini, karibu nusu imo katika ardhi ya vijiji.

Kazi ya kuipima kaboni, ambayo katika nyaraka za mikutano huonekana kama fumbo, huanza kwa utepe. Wapimaji huingia msituni, huweka alama katikati ya kiwanja cha sampuli chenye umbo la duara, kisha huupima kila mti unaostahili kwa kuuzungushia utepe usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, huku mmoja akitaja jina la mti kwa lugha ya wenyeji na mwingine akiandika. Kipenyo kinachopatikana kwa kipimo hicho, pamoja na aina ya mti, hutumika kukadiria uzito wake ukiwa mkavu, na karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 1,000 hubeba takribani kilo 470 za kaboni, ambazo zikirudi angani huungana na oksijeni na kuwa zaidi ya kilo 1,700 za hewa ukaa. Wanakijiji walioshika utepe huo hawakuwa wageni wa kazi hiyo, kwa maana majina ya miti waliyafahamu kabla ya mtaalamu yeyote kufika.

Huko Kilosa na Lindi majaribio yalifika hadi kwenye mgawo wa fedha wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji ndio ulioamua kiasi gani kiende kwenye shughuli za maendeleo na kiasi gani kigawanywe kwa mtu mmoja mmoja. Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa kuliko fedha zenyewe, kwa sababu mtu aliyepokea mgawo wake mbele ya wenzake alipata haki ya kuuliza fedha zilizobaki zimekwenda wapi. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao, na hati hiyo ndiyo iliyowawezesha kuuza kaboni ya msitu wanamowinda na kurina asali bila kuhamishwa.

Ngazi ya kimataifa nayo iliendelea kujifunza. Mkutano wa Cancun wa mwaka 2010 uliweka vigezo vya kulinda haki za jamii, ule wa Warsaw wa mwaka 2013 ukakamilisha kanuni za upimaji na malipo, na Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yakaipa misitu kifungu chake. Hata hivyo, mashaka ya Marrakech hayakufutika. Mwaka 2023 utafiti uliochunguza miradi 26 katika nchi sita ulibaini kwamba mingi haikupunguza ukataji kwa kiwango kilichodaiwa, hasa kwa sababu viwango rejea vilikuwa vimekuzwa. Kaboni iliyouzwa bila kuokolewa ni udanganyifu unaomuumiza zaidi mkulima wa tropiki, ambaye mvua zake ndizo zinazopotea kwanza.

Kwa hiyo, historia hii haitoi sababu ya kuuacha mpango huo, bali ya kuurudisha mahali panapoupa nguvu. Pale wanakijiji wanapokuwa na hati ya ardhi, kumbukumbu za vipimo na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili wanachokielewa, mnunuzi wa kaboni hulazimika kuketi nao kama wenye mali. Pale vitu hivyo vinapokosekana, fedha hupita juu ya vichwa vyao, na shoka hurudi msituni. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipimo cha haki cha kanuni hizo kitapatikana katika daftari la mapato linalosomwa kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.