Jina "Papa" na Maana Yake

Leo tungependa kulitazama neno moja fupi ambalo sisi Waprotestanti hulisikia mara nyingi, wala hatuulizi limetoka wapi. Neno lenyewe ni "Papa", jina aitwalo Askofu wa Roma.

Kwa watu wa pwani papa ni samaki, tena mwenye meno makali. Lakini majina haya mawili hayana undugu. Jina la Askofu wa Roma limetoka katika Kiyunani, "pappas", na Wayunani walilipata katika vinywa vya watoto wao. Mtoto mdogo anapojifunza kusema hufunga midomo na kuifungua, akatamka "papa", kama vile watoto wetu watamkavyo "baba". Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Wayunani, msichana Nausicaa amwita baba yake hivyo anapomwomba gari la kupelekea nguo mtoni kufuliwa. Basi lilikuwa neno la nyumbani, la mtoto asiyeogopa kuomba.

Wakristo wa zamani walilichukua neno hilo wakawaita wachungaji wao. Halikuwa jina la mtu mmoja. Katika karne ya tatu Heraclas, Askofu wa Alexandria, mji ule ambao Biblia yetu huuita Iskanderia, aliitwa Papa. Mnamo mwaka 250 hivi makasisi wa Roma wenyewe walimwandikia Cyprian, Askofu wa Carthage katika Afrika ya Kaskazini, wakamwita Papa. Kwa hiyo jina hili lilitumika katika bara letu tangu zamani sana. Hata leo mkuu wa Kanisa la Kikopti la Misri huitwa Papa. Vivyo hivyo Patriaki wa Kiorthodoksi wa Alexandria, ambaye Waorthodoksi wa Kenya wako chini yake.

Lakini katika nchi za magharibi jina hili lilikwenda likikaa kwa Askofu wa Roma peke yake. Mwaka 1075, katika siku za Papa Gregory VII, yaliandikwa maneno 27 juu ya mamlaka yake. Neno mojawapo lilisema kwamba jina lake ni la pekee duniani. Lingine lilisema kwamba ana uwezo wa kuwaondoa makaisari katika enzi zao.

Ndugu msikilizaji, angalia badiliko hilo. Hapo kwanza mtoto ndiye aliyempa baba yake jina, kwa kuwa alimpenda na kumtumaini. Sasa baba anajitwalia jina kwa maandishi, na wengine hawaruhusiwi kuitwa hivyo.

Hata hivyo, tusiseme kwamba wote walifanya namna moja. Gregory wa Kwanza, aliyekuwa Askofu wa Roma tangu 590 hata 604, aliandikiwa barua na Askofu Eulogius wa Alexandria, akaitwa humo Papa wa ulimwengu wote. Hakupendezwa. Alimjibu akimwomba asimwite hivyo tena, kwa sababu heshima inayowapunguzia ndugu zake heshima yao, kwake yeye si heshima. Yeye alipenda kujiita mtumwa wa watumwa wa Mungu, na mapapa waliomfuata wamelitumia jina hilo mpaka leo.

Katika Mathayo 23:8-12 Bwana Yesu anawakataza wanafunzi wake wasimwite mtu yeyote duniani baba, maana Baba yao ni mmoja, aliye mbinguni. Mara nyingi sisi tumelishika fungu hilo kama fimbo ya kuwapigia Wakatoliki. Je, Yesu alisema na nani? Alisema na wanafunzi wake mwenyewe, na ndio sisi. Makanisani mwetu je, hatusemi "Baba Askofu"? Hatuna wazee wa kanisa ambao hakuna awezaye kuwauliza habari za sadaka? Hatuna wenyeviti wa kamati waliokikalia kiti miaka ishirini, na vijana wakisema neno huambiwa wanyamaze? Mtu aweza kulikataa jina la Papa na huku akautaka ukubwa wenyewe kwa mikono miwili.

Neno "baba" si dhambi. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye ndiye aliyewazaa katika Injili (1 Wakorintho 4:15). Lakini huyo Paulo aliyewazaa alifanya kazi kwa mikono yake ili asimlemee mtu yeyote. Ubaba wake ulionekana katika kazi kabla ya kusikika katika jina.

Basi ninyi mliopewa kuongoza, awe askofu, mchungaji, mzee au mama wa chama cha akina mama, jiulizeni neno hili: Mdogo wa kanisa akiwa na shida, je, hukimbilia kwenu au hukimbia mbele yenu? Sote tumepewa Roho atufanyaye kulia, "Aba, Baba" (Warumi 8:15). Hilo nalo ni neno la mtoto kwa baba yake, na wote tuliolipewa tu ndugu, mkubwa na mdogo.