Safu ya Lugha: Viza si pasipoti

Juzi, stendi kuu ya mabasi hapa Dodoma, kijana mmoja alimwambia mwenzake: “Safari ya Nairobi imekwama, viza yangu imeisha muda, nasubiri nyingine Uhamiaji.” Mtanzania haombi viza kwenda Kenya. Kilichoisha ni pasipoti.

Pasipoti ni kitabu unachopewa na nchi yako, kikikutaja kuwa raia wake. Tangu 2018 Tanzania hutoa ya kielektroniki. Neno limetoka Ufaransa, likiunganisha kupita na bandari. Viza hutolewa na nchi unayoiendea. Asili yake ni Kilatini, maana yake “vilivyoonekana”: karatasi zako zimekaguliwa. Kwa hiyo Uhamiaji wetu hawawezi kumpa Mtanzania viza ya India. Wanampa pasipoti, viza akaiombe kwa Wahindi. Kiswahili rasmi huiita pasipoti hati ya kusafiria, na ni jina zuri. Hati imetoka kwa Waarabu, kwao ni mwandiko. Ila hati ni pana: ipo ya kiwanja, ipo pia ya dharura kwa msafiri asiye na kitabu.

Kosa jingine ni kuita kadi ya NIDA “kitambulisho cha uraia”. Hapana. NIDA husajili pia wageni wakaazi na wakimbizi, nao si raia. Jina lake ni kitambulisho cha Taifa.

Ndugu msomaji, ukifika dirishani taja unachokitaka kwa jina lake.