Milima Iliyopita Relini

Watu wetu wana mazoea ya kukipa jina kila chombo kiwabebacho. Jahazi lina jina, ngalawa ina jina, na basi nalo halikosi lake. Lakini jina alilobandika mwenye mali na jina alitambualo mwananchi ni mambo mawili mbalimbali, na katika reli ya Afrika ya Mashariki tofauti hiyo ilionekana kwa macho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mizigo ilirundikana katika bandari ya Mombasa kupita uwezo wa reli kuiondoa. Safari ya kwenda Nairobi, yapata kilomita 530, ni ya kupanda: mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kwa kazi hiyo ziliagizwa Uingereza injini 34 za mvuke, zikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Ziliitwa aina ya 59.

Umbo lake lilifuata ubunifu wa Mwingereza Herbert Garratt wa mwaka 1907: mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na boila katikati. Kwa hiyo injini yenye urefu wa zaidi ya mita 30 iliweza kujipinda konani kama tandu, na tani zake 252 zikabebwa na magurudumu 28. Boila lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2, hali upana wa njia ni mita 1 tu! Lilichemshwa kwa mafuta mazito, hata mchochezi akashika vali badala ya koleo. Injini moja ilipanda na shehena ya tani 1,200. Hazijapata kuundwa injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwa reli ya upana huo.

Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki: 5901 Kenya, 5918 Gelai, 5930 Shengena. Injini za aina ya 60, zilizotangulia kidogo, zilikuwa zimepewa majina ya magavana. Vibao vya magavana viling'olewa baadaye. Vya milima vikabaki. Wala hatuoni ajabu, kwani Shengena ulikuwa Shengena kabla ya gavana yeyote kuzaliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa baina ya nchi tatu. Kufikia mwaka 1980 injini hizo zilikwisha kuondolewa kazini. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi, nazo ni Gelai na Shengena. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Yote miwili ni ya Tanzania. Mwanafunzi wa Same huuona mlima wenyewe kila asubuhi, lakini akitaka kuiona Shengena ya chuma hana budi kuvuka mpaka.