Skoliosisi kwa watu wazima

Skoliosisi ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea upande, huku pingili zake zikijisokota. Huthibitishwa kwa picha ya eksirei pembe ya mpindo inapofika nyuzi 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mpindo huwa umebaki tangu ujanani, au umeletwa na kuchakaa kwa diski na viungo vya mgongo, hasa baada ya miaka 50.

Mpindo mdogo haumzuii mtu shughuli zake. Usain Bolt wa Jamaika, mwenye skoliosisi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009. Mpindo mkubwa wa kifuani, kinyume chake, huyanyima mapafu nafasi, mtu akahema akipanda ngazi. Ule wa kiunoni huchosha misuli: kusimama kupiga pasi tu huleta maumivu. Neva zikibanwa, miguu hufa ganzi baada ya mwendo mfupi, na nafuu huja mtu akiketi au akiinama mbele, kama asukumaye mkokoteni.

Mazoezi huimarisha misuli na kupunguza maumivu, lakini hayanyooshi mgongo uliokwisha kukomaa. Upasuaji hufanywa pale maumivu makali au udhaifu wa miguu unaposhindikana kutibiwa kwa njia nyingine.