Kanoniki Schmid na hadithi zake kwa jamaa za Wakristu

Katika historia ya Eklezya tunasoma habari za mapapa, za makonsilio, za mashahidi wa dini na za watawa wakubwa. Si mara nyingi tunasoma habari za padri aliyepata jina kwa sababu ya mayai ya Paska. Walakini padri wa namna hiyo alikuwako. Jina lake ni Christoph von Schmid, Mjerumani wa upande wa Bavaria, na katika karne ya 19 hadithi zake zilisomwa karibu katika kila nchi ya Ulaya. Wengi wetu tumekutana na jina lake katika vitabu vya kifaransa, ambamo huitwa «chanoine Schmid», yaani Kanoniki Schmid. Tumeona ni vema kueleza alikuwa nani, na kwa sababu gani baba na mama wa Kikristu walimpenda hivyo.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1768 katika mji mdogo wa Dinkelsbühl, mtoto wa kwanza wa jamaa ya watoto tisa. Baba yake alipokufa, yeye alikuwa bado mwanafunzi. Alisoma teolojia mjini Dillingen, na mwalimu wake mkubwa huko alikuwa Padri Johann Michael Sailer, aliyefundisha mambo ya uchungaji. Siku zile watu wenye elimu walijivunia akili tupu, nao mapadri wengine walijibu kwa mabishano makavu. Sailer aliwafundisha wanafunzi wake njia nyingine: kusema na moyo wa watu, kwa Maandiko Matakatifu na kwa maneno mepesi. Hakulipwa vema, kwa maana adui zake walimshitaki, akaondolewa kazini katika mwaka 1794. Baadaye sana, katika mwaka 1829, akawa Askofu wa Regensburg. Schmid hakumwacha mwalimu wake hata siku za aibu.

Alipewa upadri katika mwaka 1791. Alikuwa vikari, kwanza mahali pengine, kisha huko Seeg, chini ya paroko Feneberg, rafiki wa Sailer. Feneberg huyo alikuwa amekatwa mguu mmoja baada ya kuanguka, naye aliendelea na kazi ya parokia kwa mguu wa mti. Tunalitaja jambo hili kwa kusudi, kwa maana watu wengine wanafikiri kwamba aliyeandika hadithi tamu kwa watoto hakujua mateso. Schmid aliyajua.

Katika mwaka 1796 aliwekwa kuwa mkubwa wa shule ya Thannhausen, naye akakaa huko miaka ishirini. Hapo ndipo hadithi zake zilipozaliwa. Masomo yalipokwisha, watoto waliofanya vema walibaki, na padri akawasomea hadithi aliyoiandika. Lakini aliwapa sharti: wakifika nyumbani, wajaribu kuiandika wenyewe. Siku ya pili aliyatazama maandiko yao. Mahali walipoikumbuka hadithi vizuri, aliona kwamba maneno yake yamefika. Mahali walipokosea au walipoliacha neno, aliona kwamba yeye mwenyewe alisema maneno ya vitabuni, si maneno ya watoto. Basi alijifunza lugha yao toka midomo yao, na tena aliona kwa macho yake ni jambo gani linawagusa wadogo na jambo gani linawagusa waliokwisha kukua kidogo.

Ndugu wasomaji, sisi tunafikiri kwamba siri yote ya Schmid imo humo. Waandishi wengi wa siku zake walikaa mezani, wakachagua fundisho, kisha wakatafuta hadithi ya kulivika kama nguo. Mtoto hutambua upesi kwamba chini ya nguo kuna fimbo. Schmid naye alikuwa na fundisho, hatusemi hapana. Lakini kabla ya hadithi kupelekwa kwa mpiga-chapa, ilikuwa imekwisha kupita katika masikio na mikono ya watoto wa kijiji. Katekista aliyekwisha kuwauliza watoto wake: «Jana nilisema nini?», na akashangaa kwa majibu, anajua hukumu hiyo ni kali namna gani.

Kitabu chake cha kwanza kwa watoto kilikuwa Historia ya Biblia, iliyoanza kutoka katika mwaka 1801. Wakati ulikuwa mbaya. Majeshi ya Wafaransa na ya Waaustria yalipita na kurudi katika nchi ile. Katika mwaka 1802 serikali ya Bavaria iliamuru watoto wote waende shuleni, na mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilifunga monasteri na kutwaa mali zao. Hivyo watoto wengi wa wakulima walianza kujua kusoma, wakati uleule ambapo watawa waliokuwa wakiwafundisha watu walitawanyika. Mtoto akijua kusoma, atasoma. Lakini atasoma kitu gani? Vitabu vingi vilivyokuwako kwa watoto vilitoka kwa walimu waliotaka kulea watoto kwa akili na faida tu, Mungu akitajwa kwa mbali kama mtengenezaji wa saa.

Schmid alijibu kwa hadithi ya kale. Katika mwaka 1810 alitoa kitabu cha Genovefa, mwanamke mtukufu wa Brabant, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni ya Ubelgiji. Watu waliijua tangu zamani: mume wake amekwenda vitani, mtumishi mbaya amemsingizia, naye amepelekwa porini pamoja na mtoto wake mchanga auawe. Wauaji wanamhurumia na kumwacha. Mama na mtoto wanaishi katika pango, na swala jike anawapa maziwa yake, mpaka siku mume anapomwona katika kuwinda. Hadithi hiyo iliuzwa sokoni katika vijitabu vya bei ndogo. Schmid aliitwaa, akaisafisha, na juu ya kitabu akaandika kwamba imesimuliwa upya kwa mama na kwa watoto. Angalieni maneno hayo. Hakuandika «kwa watoto» tu. Alimwona mama ameketi na kitabu mkononi, na watoto wamemzunguka. Naye alitaka mama pia apate machozi yake.

Basi ilikuwa hivyo. Siku zile katika nyumba za wakulima na mafundi kitabu hakikusomwa na mtu mmoja pembeni. Wakati wa baridi, kazi ya shamba ikilala, mmoja alisoma kwa sauti na wengine walisikiliza huku wakisokota nyuzi au kutengeneza vyombo. Mara nyingi msomaji alikuwa mtoto, kwa maana yeye peke yake alikwenda shuleni. Mtoto alimsomea bibi yake! Kwa watu wetu, jambo la kukaa pamoja jioni na kusikia hadithi si geni hata kidogo; tofauti ni kwamba kwetu bibi ndiye aliyesimulia.

Katika mwaka 1816 kilitoka kitabu kilichompa jina, ndicho cha Mayai ya Paska. Mwanamke mtukufu amekimbia vita pamoja na watoto wake, akafika katika bonde la watu maskini ambao hawajaona kuku. Analetewa kuku, anawafundisha watu kuwafuga, na siku ya Paska anawapa watoto mayai yenye rangi, yaliyoandikwa maneno mafupi ya hekima. Yai moja linamwokoa msafiri aliyekuwa karibu kufa, na maandiko yake yanafanya jamaa iliyotawanyika ikutane tena. Hakuna mwujiza ndani yake. Kuna yai tu, na mtoto mwenye huruma. Mwaka uleule Schmid alikwenda kuwa paroko wa Oberstadion katika Württemberg, na hapo alikuta njaa: baridi na mvua ziliharibu mavuno ya 1816, na mwaka 1817 watu wa upande ule waliteseka sana. Waliosoma habari za bonde lisilo na chakula hawakusoma habari za nchi ya mbali.

Katika hadithi zake zote, sisi twaipenda zaidi ile ya Kikapu cha Maua, iliyotoka mwaka 1823. Maria ni binti wa Jakob, mtunza bustani na mfuma vikapu. Anampelekea binti wa bwana wa ngome kikapu cha maua kwa siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo pete ya bei kubwa inapotea, na mtumishi mwenye wivu anamshuhudia Maria kwa uwongo. Msichana anafungwa, baba anamwonya asiseme uwongo hata kidogo ili ajiokoe, na mwishoni wote wawili wanafukuzwa katika nchi. Miaka inapita. Siku moja mti mkubwa unaangushwa, na pete inaonekana katika tundu la ndege wa jamaa ya kunguru, yule ambaye watu husema kwamba anapenda kuokota vitu vinavyong'aa.

Lakini Jakob amekwisha kufa. Alikufa ugenini, akiwa bado baba wa mwizi machoni pa watu, naye Maria alikutwa analia juu ya kaburi lake. Neno hili ni kubwa kwa sababu ya lawama waliyomtupia Schmid baadaye. Walisema kwamba kwake mwema hulipwa upesi na mbaya huadhibiwa upesi, kama katika duka ambamo unaweka franka na kupokea bidhaa. Kwamba kwa hiyo anawadanganya watoto. Katika mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Hamburg, Heinrich Wolgast, aliandika kitabu kikali juu ya taabu ya vitabu vya vijana, akitaka hadithi ya watoto iwe kwanza kazi nzuri ya sanaa, si chombo cha kufundishia. Lawama hiyo ina ukweli wake. Kuna hadithi fupi za Schmid, hasa zile za nusu ukurasa, ambamo mtoto asiyetii anavunjika mguu kabla ya nukta ya mwisho. Hizo hatuzitetei. Lakini mtu asiseme hivyo juu ya Kikapu cha Maua. Pete ilirudi, Jakob hakurudi. Mtoto anayesikia habari hiyo anaelewa kwamba kuna haki ambayo Mungu ameiweka kwa upande mwingine wa kaburi, na hakuna aliyemhubiri.

Kwa kifaransa hadithi hizi zilitolewa mara nyingi sana, hasa na nyumba ya Mame mjini Tours, iliyofanya vitabu vizuri vyenye majalada ya dhahabu kwa zawadi za shule. Mwisho wa mwaka mwanafunzi aliitwa mbele ya wazazi, akapewa kitabu, na kitabu kikaingia nyumbani ambamo pengine hakikuwamo kingine ila cha sala. Schmid mwenyewe hakuliweka jina lake kwanza. Juu ya vitabu vilivyofuata aliandika tu kwamba vimetoka kwa mwandishi wa Mayai ya Paska. Unyenyekevu huo ulileta matata, kwa maana wengine waliuza hadithi zao chini ya maneno hayo. Basi katika miaka ya 1840 alitoa mjini Augsburg mkusanyo wa kazi zake alizozikubali mwenyewe, vitabu 24.

Inafaa kumlinganisha kidogo na mwandishi ambaye wasomaji wa kifaransa wanamjua zaidi, Bibi wa Ségur. Mwanamke huyu alizaliwa Urusi katika mwaka 1799, akaingia katika Eklezya katoliki akiwa kijana, akaolewa Ufaransa, akazaa watoto wanane. Mmoja wao ni Monsinyori Louis-Gaston de Ségur, aliyepofuka macho katika mwaka 1854 na kuendelea na kazi ya upadri mpaka kufa. Mama alianza kuandika akiwa karibu na miaka sitini, kwa ajili ya wajukuu wake. Sophie wake si Maria mwenye kikapu! Anakata nyuki, anaua samaki wadogo wa mama yake kwa chumvi, anaharibu mtoto wake wa sanamu juani. Schmid anaonyesha mtoto mwema anayesingiziwa. Bibi wa Ségur anaonyesha mtoto mwenye makosa ya kweli. Watoto wanahitaji wote wawili, na labda ilimfaa bibi kuliko padri kusema habari za ukorofi wa nyumbani. Lakini wote wawili walianza mahali pamoja: walikuwa na watoto mbele yao, wenye majina, waliongoja hadithi.

Katika mwaka 1826 mfalme Ludwig wa Bavaria, ambaye naye alikuwa amesoma kwa Sailer, alimweka Schmid kuwa kanoniki wa kanisa kubwa la Augsburg, na katika mwaka 1837 akampa cheo cha utukufu. Tangu hapo anaitwa «von Schmid». Aliendelea kushughulika na shule na kuandika habari za maisha yake. Katika mwaka 1854 kipindupindu kilipiga mji wa Augsburg, naye akafa kwa ugonjwa huo tarehe 3 Septemba, mwenye miaka 86. Miaka mitano baadaye watu wa Dinkelsbühl walimsimamishia sanamu karibu na kanisa lao.

Hadithi zake sasa hazisomwi sana. Lakini alitunga pia wimbo wa Noeli, unaowaita watoto waje kwenye zizi la Bethlehemu, «Ihr Kinderlein, kommet». Ulikuwa shairi kwanza, kisha ukapewa sauti ya Johann Abraham Peter Schulz. Unaimbwa hata leo kila Noeli mahali kote wanaposema kijerumani, na wengi wa wanaouimba hawajui kwamba ni wa mwalimu wa Thannhausen.