Swali la Kaisaria Filipi, Likiulizwa Shimoni

Ni vigumu kumpata mtu Shimoni asiye na la kusema kuhusu Yesu. Mvuvi Mvumba aliyesoma chuoni utotoni anamjua Isa bin Maryam, nabii aliyezaliwa na bikira, aliyeponya vipofu na wakoma kwa idhini ya Mungu, ambaye Kurani inamwita Masihi. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka bara, au askari wa wanyamapori anayelinda Hifadhi ya Bahari ya Kisite, anamjua kuwa Mwana wa Mungu aliyekufa na kufufuka. Mzee anayekwenda kutambika pangoni huenda akamtaja kwa heshima, kisha akaendelea na shughuli zake. Majibu yapo tele. Kwa sababu hiyo kijiji hiki, kilichoko kusini kabisa mwa Kwale na kutazamana na kisiwa cha Wasini, kinafaa kuwa mahali pa kuuliza upya jambo ambalo mahubiri mengi hulimaliza kwa haraka: Mkristo anaposema kwamba yeye binafsi amemtambua Yesu ni nani, amefanya nini hasa?

Kwa mujibu wa Mathayo 16, Yesu aliwauliza wanafunzi wake wao wanasema yeye ni nani, walipofika pande za Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni. Wasomaji wengi hulipita jina la mji bila kusimama. Palikuwa na pango kubwa penye mojawapo ya chemchemi za mto Yordani, na kwa vizazi kadhaa watu walikuwa wakimwabudu hapo Pan, mungu wa Wayunani. Mabaki ya mahali hapo yangalipo, panaitwa Banias. Herode Mkuu alijenga karibu na pango hilo hekalu la kumtukuza Kaisari Augusto. Mwanawe Filipo akaupanua mji na kuupa jina la Kaisari. Basi wanafunzi waliulizwa mbali na hekalu la Yerusalemu, mahali ambapo pango na dola vilikwisha kuamua nani asujudiwe.

Shimoni nayo ina pango lake na dola yake. Waongozaji wa kijiji husimulia kwamba watumwa walifungwa katika mapango haya ya matumbawe wakisubiri majahazi. Mwanaakiolojia Herman Kiriama, aliyeyafanyia mapango hayo utafiti wa kina, ameonyesha kwamba wenyeji wenyewe hawayakumbuki kwa namna moja: utumwa umo katika kumbukumbu hizo, na matambiko nayo yamo. Historia pana ya pwani haina utata huo. Mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar aliukubali kwa shinikizo la Uingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Misafara ikahamia nchi kavu, ikapanda kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kandokando ya pwani hii, mpaka Barghash alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Katikati ya miaka hiyo, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo Shimoni, na nyuma yake ukaja utawala wa dola ambayo mtawala wake aliungama imani ileile ya Petro.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Petro alitoa jibu sahihi: Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu. Akasifiwa. Aya chache mbele, Yesu alipoanza kueleza kwamba atateswa na kuuawa, Petro huyohuyo alimvuta kando akamkemea, naye akaitwa Shetani. Wahubiri hupenda sehemu ya kwanza, na ndiyo inayochapishwa kwenye kalenda. Lakini mwinjilisti aliziweka sehemu mbili pamoja kwa makusudi. Cheo kilikuwa sahihi, ila aliyekitamka alikuwa bado hajamtambua mwenye cheo. (Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika Yohana 11 Martha wa Bethania anatoa ungamo linalokaribia kufanana na la Petro, tena akiwa katika msiba wa nduguye, bila kuhitaji kukemewa namna hiyo. Hakuna kanisa kubwa Roma lililojengwa juu ya jina lake.)

Makala haya yanashikilia kwamba kumtambua Yesu binafsi ni zaidi ya kuchagua cheo sahihi kati ya vinavyotajwa, na kwamba historia ya pwani inaonyesha jambo hilo wazi kuliko vitabu vingi vya theolojia. Mfano ulio karibu ni wa Freretown na Rabai.

Freretown ilianzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, ili kuwapokea watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza. James Mbotela, ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwao, aliandika habari zao katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Baadhi ya wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Watu wale walilisikia jina la Yesu kutoka vinywani mwa waliowafungua minyororo, kisha wakaishi chini ya waliowafungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilibidi ufanyike uchunguzi juu ya viboko ambavyo msimamizi wa Freretown aliwachapa wakazi wake. Kila Jumapili ungamo la imani lilikuwa likisomwa bila kasoro.

Rabai, kituo ambacho Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikifungua mwaka 1846, ilikuwa na mchungaji wa aina nyingine. William Jones alitekwa utotoni, akaokolewa, akalelewa India katika kituo cha Wakristo cha Nasik, kisha akarudishwa pwani pamoja na wenzake waliojulikana kama Waafrika wa Bombay. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alisafiri na askofu huyo kuelekea Buganda. Hannington akauawa Busoga mwezi Oktoba, na Jones ndiye aliyewarudisha Rabai walionusurika.

Sera ya CMS ilikuwa kutowapokea watoro, yaani watumwa waliowatoroka mabwana wao, kwa kuwa kuwapokea kungevuruga uhusiano na matajiri wa pwani. Jones aliwapokea, wakaja kwa mamia. Mwaka 1888 mabwana walikuwa wakidai mali yao kwa hasira na vita vilinukia. George Mackenzie wa Kampuni ile ya Afrika Mashariki aliamua kuwalipa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine walipewa hati za uhuru. Kwa kawaida Mackenzie hupewa sifa zote za siku hiyo, na fedha alizitoa kweli. Lakini bila watu waliokwisha kuingizwa ndani kinyume cha sera, kusingekuwa na wa kulipiwa. Jones na wakubwa wake walikariri Imani ya Mitume ileile. Tofauti yao ilikuwa kwamba Jones, aliyewahi kuwa mateka, alimwona mtoro na kujua ni nani anayebisha hodi.

Si yeye peke yake. Huko Fuladoyo, bara ya Malindi, watoro na Wagiriama walioamini walianzisha makazi yao bila mmisionari wa kuwasimamia. Kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883 na watu waliotaka kuwarudisha watumwa. Kanisa la Kenya linamkumbuka kuwa shahidi wake wa kwanza, ingawa Wakristo wengi wa Kwale hawajawahi kulisikia jina lake. Hilo nalo ni la kushangaza kidogo.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii inageuza imani kuwa matendo ya kijamii na kulisahau lile la moyoni. Uamsho wa Afrika Mashariki unajibu pingamizi hilo vizuri. Ulichochewa na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe, Kampala, mwezi Septemba 1929. Ukawaka Gahini nchini Rwanda, ukaingia Kenya miaka ya mwisho ya 1930. Hakuna harakati iliyosisitiza zaidi kwamba kila mtu amjue Yesu mwenyewe, asitegemee ubatizo wa wazazi. Kutoka kwao ndiko ushuhuda wa kusimama na kumtaja Yesu kuwa Bwana na Mwokozi ulikoenea mpaka ukawa salamu. Lakini ndugu wa Uamsho waliungamana dhambi wao kwa wao, kila wiki, mbele ya watu waliowafahamu nyumbani na shambani. Vita vya Mau Mau vilipozuka, wengi wao walikataa kiapo, na wengi walikataa pia kupokea bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Ushuhuda wao ulikuwa wa binafsi, na ulikuwa na mashahidi.

Kilichotokea Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kinaonyesha upande wa pili. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na mhubiri Paul Mackenzie anashtakiwa pamoja na wenzake kwa madai ya kuwaagiza waumini wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mahakama ina kazi yake. Kwa upande wa theolojia, linaloonekana ni kwamba kundi lilitengwa na jirani, shule, hospitali na makanisa mengine, likabaki na sauti moja ya kulieleza Yesu ni nani. Pale Kaisaria swali liliulizwa kwa wote kumi na wawili, na Petro alirekebishwa muda mfupi baadaye, wenzake wakiwapo.

Pwani ya kusini ina hatari nyingine, ya utulivu zaidi: ungamo kugeuka kitambulisho cha kabila. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na kwa wiki kadhaa watu wa bara walioishi Likoni, na vilevile Ukunda na sehemu nyingine za Kwale, walifukuzwa, na makumi wakauawa. Maelfu walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Chanzo kilikuwa siasa za uchaguzi na uchungu wa ardhi, wala si tofauti ya imani. Hata hivyo tangu hapo Mkristo na mtu wa bara wamekuwa kama neno moja katika masikio ya wengi. Mtu akisema Yesu ni Bwana, jirani husikia anatoka wapi kabla ya kusikia anaamini nini.

Wanatheolojia wa Kiafrika wamejaribu kutafuta lugha itakayomtoa Kristo katika vazi hilo la ugeni. Mtanzania Charles Nyamiti alimwita Mhenga wetu katika kitabu chake cha mwaka 1984, na Bénézet Bujo wa mashariki ya Kongo akafuata njia iliyo karibu na hiyo. Kazi zao ni za thamani. Ila Shimoni, ambako wahenga wana pango lao na Waislamu walio wengi wanayatazama matambiko kwa mashaka, cheo hicho kinaweza kuongeza maswali kuliko kinavyoyapunguza.

Labda njia fupi zaidi inapita kwa jirani Mwislamu mwenyewe. Katika mihadhara ya hadhara, iliyochochewa kwa sehemu na mafundisho ya Ahmed Deedat wa Durban, aya hurushwa huku na huku juu ya uungu wa Yesu, na kila upande hurudi nyumbani ukijihesabia ushindi. Jambo lililo zito zaidi hupita bila kugusiwa. Surat an-Nisaa, aya ya 157, inakana kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa, na Waislamu wengi huieleza kwa sababu ya heshima: Mungu hamwachi mtume wake afedheheshwe na adui zake. Hilo halitoki mbali na maneno ya Petro katika Mathayo 16:22, alipomwambia Bwana wake kwamba jambo kama hilo lisimpate kamwe. Mkristo wa Shimoni anayeketi barazani na kusikia pingamizi hilo, anasikia pingamizi la Petro mwenyewe, alilolitoa muda mfupi tu baada ya kusifiwa. Akilijibu kwa dharau, atakuwa amemdharau Petro. Akitaka kulijibu kwa uzito, itambidi aeleze kwa nini aliyesulubiwa ndiye Masihi, katika kijiji ambacho watalii hulipa kiingilio ili waonyeshwe mahali watu walipofungwa.