Johannesburg: Majukumu ya anayefuga mbwa au paka

Kufuga mbwa au paka katika jiji la Johannesburg, Afrika Kusini, si suala la mapenzi pekee. Ni jukumu lililowekewa sheria, na anayelipuuza humdhuru mnyama wake na pia jirani yake.

Wakazi wengi wa jiji hilo hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, wawe ni wale wanaoishi nyuma ya kuta ndefu za Sandton au wenye nyua ndogo za Soweto na Alexandra. Hata hivyo, mlinzi huyo naye anahitaji kulindwa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kulinda Wanyama, namba 71 ya mwaka 1962, inasema kuwa ni kosa la jinai kumpiga mnyama kikatili, kumnyima chakula na maji, kumfunga mnyororo isivyostahili au kumtelekeza. Kupiganisha mbwa pia ni marufuku. Malalamiko hupelekwa kwa SPCA, chama kinachopinga ukatili dhidi ya wanyama, ambacho hutuma wakaguzi wake.

Sheria ndogo za jiji nazo huweka kikomo cha idadi ya mbwa na paka kulingana na aina ya makazi. Mbwa anapotolewa nje ya ua sharti ashikwe kamba.

Chanjo ni lazima

Kote Afrika Kusini, mbwa na paka hutakiwa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mnyama anapotimiza miezi 3, ya pili katika kipindi cha mwaka unaofuata, kisha kila baada ya miaka 3.

Umuhimu wa agizo hilo ulidhihirika mwaka 2010, ugonjwa huo ulipozuka miongoni mwa mbwa wa Johannesburg. Mtoto mmoja alifariki dunia. Uchunguzi wa virusi ulionyesha kuwa vilihusiana na vile vya jimbo la KwaZulu-Natal, lililo mamia ya kilomita kutoka jijini.

Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wataalamu husema kuwa asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Mbwa akimuuma mtu

Mwezi Septemba mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilitoa uamuzi kuhusu mpita njia aliyepoteza mkono baada ya kushambuliwa na mbwa watatu. Mwenye mbwa alidai kuwa mtu asiyejulikana ndiye aliyevunja lango lake. Mahakama iliikataa hoja hiyo na kuamua kuwa anapaswa kuwajibika, hata kama hakufanya uzembe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mjadala ulipamba moto tena, baada ya mbwa wa aina ya pit bull kuwaua watoto nchini humo. Watu zaidi ya laki moja walitia saini wakitaka mbwa hao wapigwe marufuku.

Maradhi, radi na fataki

Mfugaji anapaswa pia kumkagua mbwa wake mara kwa mara ili kuondoa kupe, hasa wakati wa joto. Kupe hueneza vijidudu vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Mbwa anayekataa chakula, mwenye fizi zilizopauka au mkojo mwekundu, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Ngurumo za radi za majira ya kiangazi, pamoja na fataki za Novemba na za mkesha wa mwaka mpya, huwatia mbwa hofu hata wakaruka kuta na kupotea. Ni vyema kuwafungia ndani na kuwavalisha ukanda wenye namba ya simu.

Kwa wasio na uwezo, gharama za tiba ni mzigo mkubwa. Shirika la CLAW, lililoasisiwa na Cora Bailey, limekuwa likiwahudumia wanyama wa familia maskini, hasa magharibi mwa jiji, kwa tiba, chanjo na kufunga uzazi. Kufunga uzazi hupunguza idadi ya watoto wa mbwa na paka wanaozaliwa na kutupwa mitaani.

Ukiumwa na mbwa

WHO inashauri kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona iwapo mbwa huyo ataugua.